Springi Nilizosema ni Zangu

Majina yao siyaandiki. Si kwamba nawaogopa. Wawili wameshakufa, na wa tatu hata akinishitaki atakuta nina godoro moja na kuku saba. Siyaandiki kwa sababu wana watoto, na watoto hawakuwapo. Lakini vyeo vyao naviandika, na mtu yeyote aliyeishi Kasulu miaka ile ya sabini atajua nasema nani. Fundi mkuu wa karakana ya serikali. Mtunza stoo wake. Na afisa utumishi, yule mwenye ofisi ya pazia la kijani. Hao watatu walitaka niweke dole gumba kwenye karatasi inayosema kwamba bwana chanjo amekufa kwa mkono wangu.

Sikuweka. Sasa nieleze.

Mimi ni Muha, mtu wa Kitahana, upande wa Kibondo. Shule niliishia darasa la tatu, maana baba alirudi kutoka kwenye mkonge na kifua kibovu, na mtu wa kulima alikuwa hayupo. Nilipokua kidogo nikapelekwa kwa mjomba, Heru Juu, karibu na Kasulu mjini. Mjomba alikuwa mhunzi. Alifua majembe na visu na shoka za kukatia miti, na kwake nilijifunza chuma kuliko nilivyojifunza kusoma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kunigombeza.

Karakana waliniajiri nikiwa kijana. Fundi mkuu aliponiuliza najua nini, nikamwambia najua chuma. Akacheka. Akasema, "Waha wote nawajua, mnajua mkonge na jembe. Haya, shika brashi." Nikawekwa kwenye kupaka rangi.

Zamani zile pikipiki wilayani zilikuwa chache, na zote zilikuwa za kazi: ya bwana shamba, ya bwana afya, za mabwana chanjo, za wale waliokuwa wanazunguka kuandikisha watu waliohamishiwa vijijini. Asiyejua pikipiki nimweleze. Nyuma, kila upande wa gurudumu, kuna mguu wa chuma tunaouita shokapu, na mguu huo umezungukwa na springi nene. Springi ndiyo inayombeba mtu. Shimo likija, springi inabonyea, kisha inarudi juu. Ikikataa kurudi, umebaki umekalia chuma kitupu.

Adui wa springi ni kutu. Barabara yetu ya Kasulu kwenda Kibondo, na ile ya kupanda Manyovu mpakani, kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, na masika ni tope linalokaa katikati ya mizunguko ya springi wiki nzima likiwa bichi. Rangi ya kiwandani inapasuka, kutu inachimba kishimo kidogo kama kovu la ndui, na siku moja springi inakatikia pale pale kwenye kovu. Kwa hiyo kazi yangu haikuwa urembo. Nilikuwa nazifungua, nazisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kinakuwa cheupe, nazitundika kwenye waya chini ya banda, napaka mkono wa kwanza mwekundu, unakauka, halafu nyeusi mara mbili. Kupaka springi ni kazi ya mwenye subira. Brashi haifiki upande wa ndani wa mzunguko, lazima uingize kijiti chenye kitambaa, uzungushe, uzungushe tena. Ukiruka mahali, kutu itapaona kabla yako.

Nilizipaka hivyo miaka mitatu na hakuna springi yangu iliyokatika.

Kisha rangi ikaisha. Ilikuwa miaka ile vitu vyote vilianza kuadimika, sabuni, betri, nguo, na watu waliposikia rangi imeisha hawakuuliza. Mimi niliuliza. Mtunza stoo akaniambia haijaletwa. Nikamwambia, makopo manne niliyaona yakishushwa. Akasema, "Uliona vibaya." Basi Jumapili moja nikapita kwake, nyumba mpya ya matofali karibu na soko, nikaona milango yote mitatu myeusi tii, na madirisha. Nikasogea. Ile rangi ilikuwa na kasoro ya kuacha vichembe kama mchanga mdogo, wenzangu wote karakana walikuwa wanailalamikia. Nikapitisha kidole mlangoni. Vichembe vilikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa barazani anakunywa chai, akanikaribisha kikombe. Nikamwambia asante, nimeshiba. Hapo ndipo ajali ilipoanzia, kwenye milango ile.

Pikipiki zikaendelea kuja, kutu nayo. Nikamwendea fundi mkuu nikamwambia kwa mjomba tuna njia ya kupaka chuma bila rangi, kwa mawese. Mjomba alikuwa anafanya hivyo kwa visu vya watu wenye kujali vitu vyao. Unasafisha chuma mpaka kinakuwa cheupe. Unatandaza majivu ya moto, siyo makaa, majivu, unakizika humo. Kila mara unakitoa na kukinyunyizia unga wa muhogo kidogo kwa vidole. Unga ukibaki mweupe, bado. Unga ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, ndiyo saa yake, unakifuta na kitambaa chenye mawese na kinafuka moshi. Unga ukiwa mweusi umezidisha, na mjomba hapo alikuwa anakupiga kibao. Unarudia mara tano, sita. Mawese yanashikana na chuma yanakuwa ngozi nyeusi inayong'aa, na maji yakimwagika yanateleza.

Fundi mkuu akasema, "Sasa serikali imekuwa jiko la mama yako." Lakini hakuwa na njia nyingine, akaniacha nijaribu. Nikafanya mbili. Tukaziacha kwenye mvua wiki mbili. Hazikushika kutu. Fundi mkuu akazishika, akazigeuza, hakusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Wageni walipokuja nikasikia akiwaambia ni mbinu yake.

Tatizo lilikuwa muda. Springi moja ilinichukua asubuhi nzima, maana majivu hayana haraka. Na mkoani ikatoka amri kwamba pikipiki zote za chanjo ziwe tayari kabla mkubwa fulani hajafika kuzikagua. Wiki hiyo hiyo mimi nikatumwa Kibondo kutoa pikipiki iliyozama mtoni. Nilikaa huko siku tano. Niliporudi nikakuta springi nane zimetundikwa chini ya banda langu, nyeusi, zinang'aa.

Nikamkuta fundi mkuu kando ya pipa. Chini kulikuwa na makaa na viriba vya kupulizia moto alivyoazima kwa wahunzi. Nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Wewe springi moja asubuhi nzima," akasema. "Mimi nane kwa siku moja. Unazipuliza mpaka zinakuwa nyekundu, unaziacha zipoe mpaka wekundu uishe, unazitumbukiza kwenye pipa la mawese, basi. Nyeusi kuliko zako."

Nikamwambia, "Mzee, hizi zimekufa."

"Nani kakufa?"

"Springi. Ikishakuwa nyekundu uhai wake umetoka. Jembe unaweza kulifanya hivyo, jembe halibonyei. Springi ukiirudisha motoni imebaki waya."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Chuma kina roho. Kesho atakiombea mtu wa kukipunga pepo." Wakacheka. Mtunza stoo alicheka kuliko wote, na hakuwa hata mtu wa kazi ile.

Nikamwambia sizifungi mimi. Akasema hakuna aliyeniomba. Na kweli hakuniomba, alizifunga mwenyewe, pamoja na mafundi wawili, siku ambayo mimi nilikuwa nimelala na homa ya safari ya Kibondo. Zilifungwa pamoja na zangu, hii hapa, ile kule, na zilizobaki zikarudishwa stoo. Nilipopona pikipiki zilikuwa zimeshakaguliwa na zimeshasifiwa.

Sasa nimwandike bwana chanjo. Alikuwa mtu wa Kasulu, mrefu, mwembamba, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Kazi yake ilikuwa kuchanja watoto, na alikuwa anasema, "Watoto wakiniona wanakimbia, mama zao wakiniona wanakimbia, mbuzi pia. Springi zako tu ndizo zinazonivumilia." Aliniita Mzee wa Mawese ingawa alinipita miaka. Mke wake alikuwa anauza maharage sokoni, na siku nilipokuwa sina kitu nilikula kwao bila kualikwa. Hakuwa ndugu yangu. Lakini karakana nzima ni yeye peke yake aliyekuwa ananiuliza kazi yangu inafanywaje, na akasikiliza mpaka mwisho.

Asubuhi ya siku ile alikuwa anakwenda Manyovu na sanduku la chanjo. Huko Manyovu kulikuwa na pikipiki nyingine ya idara iliyolala na shokapu mbovu, nikaambiwa nipande naye nikaitazame. Alikuwa anafunga sanduku kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akainama akagonga springi kwa ukucha.

"Hizi ni zako," akaniuliza, "au ni za kule kwenye viriba?"

Alikuwa anajua habari nzima, nilikuwa nimemsimulia.

Nikatupa jicho. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, jua la asubuhi limezipiga. Na mimi nilikuwa na hasira ya watu kusifia kazi ya fundi mkuu wiki nzima. Nilipoona weusi ule mzuri nilitaka uwe wangu. Kukwaruza kwa kisu, uone chuma kilicho chini ya weusi, ni jambo la kufumba na kufumbua. Kisu kilikuwa mfukoni. Sikukwaruza.

Nikasema, "Zangu hizo. Twende."

Tulipopanda wote wawili, pikipiki ilikaa chini kuliko kawaida. Niliisikia chini ya makalio yangu. Yeye pia aliisikia, akasema, "Jana umekula kwa nani wewe? Leo uzito wako si wa maharage yetu." Nikacheka. Nilicheka, na ndani yangu kitu kilikuwa kinaniambia shuka uangalie. Nikajisemea ni sanduku.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko mmoja kabla ya Manyovu, penye mfereji wa maji unaokata barabara. Alipunguza mwendo, alikuwa dereva mzuri, hilo nataka lisomwe. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye mfereji, pikipiki ikazama na haikurudi. Bati la tope likakandamiza tairi, nikasikia harufu ya mpira, gurudumu likakamatwa, na nyuma yote ikaja mbele. Mimi nilitupwa kwenye majani na mguu wangu ukavunjikia chini ya sanduku. Yeye aliangukia mawe ya kingo za mfereji. Kofia yake ya sufu ilibaki kichwani, ndiyo maana mwanzoni nilidhani hajaumia.

Hospitali alikaa siku mbili, kitanda cha pili kutoka kwangu. Hakusema neno. Siku ya tatu wakamfunika shuka.

Kabla sijaweza kukaa, mke wake alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, khanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

"Shemeji," akasema, "watu wanasema ni wewe."

Nikamuuliza watu gani.

"Wa karakana. Wanasema mambo ya mawese ni yako, umeyaleta kutoka kwa mjomba wako."

"Mawese ni yangu. Moto si wangu."

"Mimi sijui tofauti yake."

"Nitakuonyesha," nikamwambia. "Nikisimama, uje karakana." Ile habari ya asubuhi, ya zangu hizo twende, sikumwambia. Nilitaka kwanza nisafishwe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya pili akaja afisa utumishi na karatasi iliyopigwa taipu, na kibao cha wino. Alileta na machungwa. Akakaa, akaniuliza hali, akasema idara inanifikiria, kwamba hata mguu usiponyooka ipo kazi ya ulinzi wa geti, kazi ya kukaa. Kilichobaki ni utaratibu mdogo tu. Akanisomea: siku fulani nilikuwa kazini, nilipaka springi, pikipiki ikapata ajali. Akafungua kibao cha wino.

"Weka dole hapa, ndugu yangu, upumzike."

Nikamwambia, "Nipe nisome."

Akatabasamu. "Utasoma?"

Alichokuwa hajui ni kwamba tangu mwaka uliotangulia nilikuwa nakwenda kisomo cha watu wazima, kila alasiri, kwenye banda la ofisi ya chama. Nilikwenda kwa sababu fundi mkuu alikuwa ananiandikia mambo kwenye daftari la kazi na mimi siyajui. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kidole na kwa sauti, kama mtu anayechambua mchele, lakini nilikuwa nasoma. Nikaishika ile karatasi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kukohoa ili asikie.

Karatasi haikusema alichosoma. Ilisema kwamba mimi ndiye niliyebuni na kutekeleza njia ya kuchoma springi kwa moto mkali, bila idhini ya fundi mkuu. Hapo kwenye "bila idhini" nilikaa muda mrefu. Nilirudia mara tatu, na kila niliporudia afisa utumishi alikuwa anafunika kibao chake cha wino polepole.

"Hii si uliyosoma," nikasema.

"Ni lugha ya kiofisi."

"Hata kiofisi, moto mkali ni moto mkali. Aliyepuliza moto ni fundi mkuu. Watu walimwona."

"Nani aliona? Waite." Alijua hakuna atakayekuja, wote wana watoto wa kulisha. Kisha akabadilisha sauti. "Usipoweka dole, hakuna geti, hakuna kazi. Umefikiri utakula nini na mguu huo?"

Nikamwambia nitaweka, kwa sharti moja. Springi zijaribiwe karakana, mbele yake na mbele ya mjane. Zikionekana ni sawa zote, zangu na za moto, nitaweka madole yote kumi. Akakubali upesi. Yeye hakujua springi, alidhani ni vyuma.

Nilipoweza kusimama nilikwenda karakana kwa magongo mawili, nimebebwa kwenye kiti cha baiskeli mpaka getini. Mjane alikuwa ameshafika, amekaa juu ya gunia la maharage alilokuwa analipeleka sokoni. Nikaliomba lile gunia. Hakuuliza la nini, akainuka.

Jaribio lilikuwa rahisi. Unasimamisha springi chini, unapitisha bomba katikati ili isipinde. Unakata kijiti urefu wake sawasawa. Unaweka ubao juu, gunia juu ya ubao, na wanaume wawili juu ya gunia, wanakaa muda wa kumaliza sigara moja. Unawaondoa, unapima tena kwa kijiti kile kile.

Tukaanza na yangu, iliyofunguliwa kwenye pikipiki ya bwana shamba. Iliposhushiwa mzigo ililalamika, ilipoondolewa ikarudi. Kijiti kikalingana.

Tukaleta moja kutoka kwenye ile pikipiki iliyoanguka. Ilikwenda chini bila sauti. Walipoinuka, ilibaki chini, kijiti kikaizidi vidole viwili.

Fundi mkuu akasema, "Hiyo imechoka kwa ajali."

Nikasema, "Basi leteni zile zilizobaki stoo, ambazo hazijaona barabara."

Mtunza stoo akasema ufunguo haupo.

Mjane alikuwa amesimama kando. Sasa akarudi akakaa kwenye gunia lake. "Nitausubiri," akasema.

"Mama, huenda umepotea kabisa."

"Nitausubiri hapa. Maharage hayaozi."

Ufunguo ulipatikana, ulikuwa kwenye mfuko wa shati la mtunza stoo mwenyewe. Springi ikaletwa, mpya kabisa kwa macho, nyeusi kuliko yangu. Ikawekwa gunia, wakakaa watu wale wale. Ilikwenda chini kama ugali. Nikaichukua, nikafungua kisu, nikakwaruza. Chini ya ngozi ya mawese yalitoka magamba ya kijivu, yale magamba chuma kinayotoa kikiwa kimepita kwenye moto mwekundu. Nikakwaruza yangu. Chini ya weusi kulikuwa na chuma cheupe. Nikaziweka zote mbili miguuni pa mjane.

Mafundi walikuwa wamejaa, hakuna aliyecheka. Fundi mkuu alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, na mikono haikuwa na kitu.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshinda. Lakini mjane aliinama, akazishika zote mbili, moja huku na moja huku, kisha akaniuliza jambo ambalo mtu mwingine yeyote pale hakuliwaza.

"Sasa wewe uliyejua, kwa nini ulipanda?"

Nikamwambia. Nikamwambia mumewe aliniuliza ni za nani, na kisu kilikuwa mfukoni, na nilisema ni zangu kwa sababu zilikuwa nzuri. Sikuyapunguza. Fundi mkuu akainua kichwa akasema, "Mmesikia, kakiri mwenyewe," na afisa utumishi akatoa ile karatasi haraka na kibao cha wino.

"Sikukiri hilo," nikasema. "Nipe kalamu."

"Dole linatosha."

"Kalamu."

Nikaweka karatasi juu ya ubao ule ule, na chini ya taipu zao nikaandika kwa mkono wangu. Iliwachosha kusubiri. Herufi zangu zilikuwa kubwa, zikapanda juu ya mstari wa sahihi na kufunika mahali pa muhuri. Niliandika: Springi hizi alizichoma fundi mkuu, rangi aliichukua mtunza stoo. Nikashuka mstari, nikaandika: Mimi nilisema ni zangu bila kuangalia. Nikaweka jina.

Afisa utumishi akasema nimeiharibu hati ya serikali. Nikamwambia sasa ndiyo imepona.

Mjane akasema, "Nisomee."

Nikasoma kwa kidole.

"Huo wa pili, rudia."

Nikarudia. Uso wake haukulegea hata kidogo. Akasema, "Huo wa pili ni wangu, ninauchukua. Huo wa kwanza kaa nao wewe na hao." Akaita mtu wa kumsaidia gunia, akaenda sokoni kwake. Safari hii hakuniita shemeji.

Kazi niliambiwa imekwisha siku hiyo hiyo, kwa mdomo. Nikasema sawa, lakini niandikieni kwamba nimefukuzwa, na mwandike sababu. Wangeandikaje? Sababu ilikuwa springi, na springi ikiandikwa moto unaandikwa, na milango ya mtunza stoo inaandikwa. Afisa utumishi akasema nirudi kesho. Nikarudi. Akasema mhusika hayupo. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake, mguu nimeunyoosha mbele ili kila anayeingia auruke. Walinitolea vitisho, wakanitolea nauli ya Kibondo, wakamtuma mtu wa kwetu anishauri. Fundi mkuu alipita mara moja akasema, "Wewe utaota mizizi hapo." Nikamwambia kivuli ni kizuri.

Siku ya tano, mchana, mjane akaja. Hakunisalimu. Akapita, akagonga mlango wa pazia la kijani, nikamsikia akisema kwamba anataka zile springi mbili zilizokuwa kwenye pikipiki ya mumewe, na anataka karatasi ile yenye mwandiko wangu, na kama hawatoi, waandike kwamba hawatoi. Afisa utumishi akamwambia arudi kesho.

Akatoka. Akatazama barabara, akatazama benchi. Akaja akakaa upande ule mwingine, mbali nami, akakiweka kikapu chake katikati. Saa za kufunga karani akatoka na kufuli, akatukuta, akasema ofisi imefungwa, tuondoke.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" mjane akamuuliza.

"Saa moja na nusu."

"Saa moja tutakuwa hapa," akasema, akachukua kikapu chake.